TUWAULIZE KWANZA WATAKAOKAA HUMO

Hotuba kuhusu Kituo cha Wazee na Michezo, iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa dayosisi katika wiki ya Jubilei ya miaka 100 ya usharika



Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuiona wiki hii. Wengi waliotamani kuiona hawakuifikia, nasi tunawakumbuka. Kamati ya Jubilei imenipa nafasi nizungumzie Kituo cha Wazee na Michezo, ambacho usharika umekusudia kukijenga kiwe ukumbusho wa miaka 100. Wageni wetu wametembezwa katika kiwanja kilicho upande wa chini wa kanisa. Huenda wameshangaa kwamba mahali walipotarajia kuona jengo, wameona vigingi, kamba na mistari ya majivu. Wajibu wangu leo ni kueleza kwa nini jengo halijasimama, na kwa nini naamini kwamba kuchelewa huko hakukuwa hasara.

Tulikotoka

Usharika wetu ulizaliwa katika miaka ya 1920. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika Kilimanjaro mwaka 1893, lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani hao waliondolewa nchini, na mpaka waliporejea katikati ya miaka ya 1920 sehemu kubwa ya kazi ilishikwa na walimu wenyeji, wakisaidiwa na wamisionari wachache wa Augustana kutoka Marekani. Wazee waliotutangulia walitusimulia kwamba kanisa la kwanza hapa, la miti na nyasi, lilijengwa na watu waliokaa kwanza chini ya mti wakakubaliana nani alete miti, nani akate nyasi, na mlango utazame wapi. Hawakuwa na ramani, ila kila aliyeingia humo siku ya kwanza alikuwa ameulizwa neno lake.

Jambo hilo halikuwa geni kwao. Katika mteremko huu wetu maji ya mfereji hayakugawanywa kwa kubahatisha. Wenye mfereji walikutana, wakapanga zamu za maji na siku za kuusafisha, na aliyekosa kufika kazini alijua kwamba ataulizwa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia tulifundishwa habari za mmisionari Bruno Gutmann, aliyeanza kazi kati ya Wachagga mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938. Alikuwa na mapungufu yake, na si kila alichokiandika tunakikubali leo. Hata hivyo alikaa miaka mingi akiwasikiliza wazee, akayaandika mafundisho yao, akasisitiza kwamba kanisa litasimama imara likijengwa juu ya ukoo, ujirani na rika. Niliyajibu maswali ya mtihani kuhusu fundisho hilo nikapata alama nzuri. Lakini nilipopewa usharika wa kuuongoza, na fedha za kujenga, nililisahau.

Kosa letu

Napenda kukiri hili waziwazi, kwa sababu kitabu cha historia kinachoandika mafanikio peke yake hakiwasaidii watakaokuja.

Miaka minne iliyopita Kamati ya Ujenzi, mimi nikiwa mwenyekiti wake, ilileta mbele ya Baraza la Wazee ramani ya jengo la ghorofa. Chini palikuwa na ukumbi wa kukodisha kwa harusi, ofisi na duka. Juu palikuwa na chumba cha wazee, chenye madirisha makubwa yanayoutazama mlima. Uwanja ambao vijana wanachezea mpira ungegeuzwa maegesho ya magari ya wageni wa harusi. Ilikuwa ramani nzuri kuitazama. Katika kamati tulikuwa watu 9, wanawake kati yetu akiwa mmoja tu, na hapakuwa na mtu aliyevuka miaka 70. Tena Baraza lililoipokea ramani linaitwa Baraza la Wazee, na wengi wa wajumbe wake wana miaka 40 na kitu. Jina hilo lilitufanya tudhani kwamba wazee wameshasikilizwa.

Tulitangaza mpango huo baada ya ibada, tukauliza kama kuna mwenye neno. Kanisa lilikuwa kimya. Tukaandika katika muhtasari kwamba washarika wamekubali kwa kauli moja.

Watu walipokwisha kutawanyika, mama mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 80 alinisubiri mlangoni. Alinishika mkono akasema, "Mchungaji, mwanangu, hayo makao mnayoyajenga, ni nani atakayetupeleka humo? Ni watoto wetu au ni ninyi?"

Nilishtuka. Sisi tulisema kituo, naye alisikia makao, yaani mahali ambapo mtu asiye na mtu hupelekwa kungojea siku zake. Nikamweleza kwamba si mahali pa kulala, ni mahali pa kukutana mchana, na jioni kila mtu anarudi kihambani kwake. Akaniambia, "Mbona hamkusema hivyo?" Kisha akauliza swali la pili: "Na choo kiko wapi?"

Jioni ile niliikunjua ramani. Choo kilikuwa chini, nyuma ya jengo. Kutoka chumba cha wazee mpaka chooni ungeshuka ngazi zote za ghorofa na kulizunguka jengo zima.

Mzee aliyehesabiwa kuwa amelegea

Juma lililofuata nilianza kuwatembelea wazee nyumbani, safari hii si kwa ajili ya kutoa Ushirika Mtakatifu tu, bali kuuliza. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja aliyewahi kuimba katika kwaya yetu kwa miaka mingi. Katika taarifa za usharika jina lake lilikuwa miongoni mwa washarika waliolegea, kwa kuwa hakuwa ameonekana kanisani kwa miaka mitatu. Nilijiandaa kumwonya kwa upole. Alinikaribisha, akaagiza niletewe maziwa, akasema, "Mchungaji, miguu ndiyo iliyoacha kanisa, siyo mimi."

Mlango wa kanisa letu unafikiwa kwa ngazi 11. Nimezipanda kwa miaka mingi bila kuzihesabu. Yeye alizijua idadi yake, na alijua ni ipi iliyo na ufa. Hakutaka kubebwa mbele ya watu kama mzigo, kwa hiyo alibaki nyumbani akiimba peke yake siku ya Jumapili. Nasi tukamwandika kuwa amelegea.

Nilirudi kwenye Baraza nikaomba mambo mawili. La kwanza, ujenzi usimame. La pili, kabla ya kituo chochote, tutengeneze njia ya mteremko pembeni mwa ngazi za kanisa. Fundi alitufundisha hesabu yake: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia iende mbele sentimita 12, ili mwenye mkongojo au kiti cha magurudumu apite bila hatari. Ngazi 11 za sentimita 15 zinapanda sentimita 165, hivyo njia inahitaji karibu mita 20. Kwa hesabu hiyohiyo, chumba cha wazee kilichokuwa juu mita 3 kingehitaji njia ya mita 36, mbali na sehemu za kupumzikia. Hesabu hiyo peke yake iliifuta ghorofa.

Vijana wetu waliijenga njia ile kwa kujitolea, na ninyi wageni mmeipita leo. Mzee yule alipita hapo akaja kwenye Meza ya Bwana mara mbili, kisha Bwana akamwita. Namshukuru Mungu kwa mara hizo mbili. Kwa miaka mitatu iliyotangulia, nabaki na deni.

Namna tulivyouliza

Ndugu wapendwa, kuuliza nako ni kazi ya kujifunza. Mwanzoni tulikosea tena. Tuliita mkutano, tukakaa meza kuu, tukauliza, "Mnataka kituo cha namna gani?" Waliohudhuria walitutajia majengo waliyoyaona mjini. Mtu akiulizwa habari za jengo hujibu kwa jengo alilowahi kuliona, na heshima humzuia kumpinga mchungaji wake hadharani.

Ndipo wanawake wa diakonia waliposhauri tubadili njia. Walikwenda jumuiya kwa jumuiya na nyumba kwa nyumba, wakiwa na maswali mawili tu: "Siku yako inapitaje tangu asubuhi?" na "Ni kitu gani kinachokuzuia kufika unakotaka kufika?" Kina mama walisikilizwa peke yao na kina baba peke yao. Vijana walikutana uwanjani, mahali pao. Tulimwendea pia mwenyekiti wa kitongoji na majirani zetu Waislamu, kwa kuwa watoto wao wanacheza katika uwanja uleule na wazee wao wanapanda mlima uleule.

Baadaye nilijifunza kwamba hata wakubwa wa dunia wamefika hapo. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha misingi ya kuwahudumia wazee, na kushiriki katika mambo yanayowahusu ni mmojawapo, pamoja na kujitegemea, kutunzwa, kujiendeleza na kuheshimiwa utu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji inayowafaa wazee, uliotokana na kuwasikiliza wazee wenyewe katika miji 33. Hapa nchini, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, nami nimeshauvuka mpaka huo. Sera hiyo inataka wazee watunzwe katika familia na jamii zao, na makao yawe njia ya mwisho. Mama yule wa mlangoni hakuwa ameisoma sera, ila hofu yake ilikuwa halali kabisa.

Waliyotuambia

Tulisikia mambo ambayo hayakuwamo katika ramani yetu.

Tulisikia kwamba wazee wetu hawakai bure. Asubuhi wanalisha ng'ombe na kuwaandaa wajukuu kwenda shule, maana watoto wao wako Arusha na Dar es Salaam na huonekana zaidi mwezi wa Desemba. Nafasi yao ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, tena isiwe siku ya soko. Sisi tulikuwa tumepanga kufungua saa 9 alasiri.

Tulisikia kwamba jambo linalowatia aibu kuliko umaskini ni simu. Fedha za watoto huja kwa simu, na mzee asiyeona vizuri humpa kijana wa jirani namba yake ya siri, kisha fedha hupungua asijue amuulize nani. Waliomba mtu mwaminifu atakayewasomea ujumbe na kuwafundisha kuilinda namba hiyo.

Tulisikia kwamba kina baba wanataka bao na drafti, na kina mama wakasema, kwa kicheko lakini kwa dhati, kwamba kama kituo ni drafti tu basi wao watabaki nyumbani. Waliomba bustani ndogo ya mboga na jiko la chai. Wote waliomba mganga au muuguzi afike kwa siku maalumu kuwapima shinikizo la damu na sukari.

Nao vijana waliomba jambo moja, kwamba uwanja usiondolewe. Tulidhani hapo ndipo patakapotokea ugomvi kati ya wazee na vijana. Haikuwa hivyo. Wazee ndio waliosimama kuutetea uwanja. Baba mmoja alisema, "Mkituweka mahali tusiposikia sauti za watoto, mtakuwa mmetutangulizia kaburi." Wanaosoma nabii Zekaria, sura ya 8, wanakumbuka jinsi anavyouona mji uliorejezwa na Mungu: wazee wameketi njiani na mikongojo yao kwa sababu ya wingi wa siku zao, na njia hizohizo zimejaa watoto wanaocheza. Nimelihubiri fungu hilo mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kuwa ramani ya kiwanja.

Ramani ya majivu

Msanifu alipotuletea mchoro mpya hatukuupeleka kwenye Baraza kwanza. Tuliuchora ardhini kwa ukubwa wake halisi, kwa vigingi, kamba na majivu ya jikoni, tukawaalika wazee waingie katika nyumba isiyo na kuta. Mama yule aliyeuliza habari za choo alitembea na mkongojo wake kutoka mahali pa kukaa hadi chooni. Alipofika alisema, "Sogezeni." Tukang'oa vigingi tukasogeza. Akatembea tena, akasema, "Sogezeni tena kidogo." Mara ya tatu hakusema neno, akageuka akarudi. Hapo ndipo choo kilipo katika ramani mliyoiona.

Kituo sasa kitakuwa cha chini, hakina ngazi hata moja. Milango ina upana wa sentimita 90. Vyoo ni vya kukaa, vina vishikio ukutani na nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu. Baraza ya nje ni pana kuliko chumba chochote cha ndani, nayo inautazama uwanja wa mpira. Uwanja unabaki. Jirani wa imani yoyote atakaribishwa, wala hatadaiwa kuhudhuria ibada ili apate kikombe cha chai.

Nisiseme kwamba kila mtu alipata alichotaka. Mtunza hazina wetu alitetea ukumbi wa harusi kwa sababu ya kweli: jengo likishakamilika, ni nani atakayelipia umeme, maji na mlinzi? Wengine walitukumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, nao hawakukosea, maana bei ya saruji na nondo haikutungoja, na baadhi ya walioahidi kutoka mbali walianza kuuliza fedha zao zimekwenda wapi. Tulikubaliana kujenga ukumbi mdogo wa chini utakaokodishwa Jumamosi, na siku nyingine ni wa wazee na wa vijana. Mapato yake yatakuwa madogo kuliko yale ya ghorofa. Pengo litazibwa na sadaka ya kila jumuiya, na ahadi hiyo imeandikwa.

Kila ombi lililotolewa liliandikwa katika ubao wa matangazo pamoja na jibu lake. Penye ndiyo tuliandika ndiyo, na penye hapana tuliandika hapana na sababu yake. Waliokataliwa hawakufurahi, lakini walijua kwamba walisikika. Mtu akiulizwa halafu asiletewe jibu, hudharauliwa mara mbili, na mara nyingine hatafungua kinywa.

Yaliyobaki

Yako mambo mawili ambayo hatujayapatia jibu. Wako wazee wanaoishi juu sana, ambako wakati wa mvua hata pikipiki hazipandi. Tena wako walio kitandani, ambao kituo chochote tutakachojenga hawatakifikia. Diakonia wameanza zamu za kuwatembelea, lakini watu ni wachache. Nayataja mbele ya Baba Askofu ili yasifunikwe na shangwe ya Jubilei.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuyaita manung'uniko yale uasi. Waliwakutanisha watu, wakawaachia wachague wenyewe watakaosimamia jambo hilo. Kanisa lilipata mashemasi wake kwa sababu mtu alilalamika na mwingine akasikiliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa dayosisi leo si la fedha kwanza, ingawa fedha tutazipokea kwa shukrani. Naomba kwamba ramani yoyote ya jengo la jamii itakayoletwa jimboni kutoka usharika wowote iambatane na ukurasa mmoja unaoeleza watakaolitumia ni nani, waliulizwa lini, walisema nini, na ni kitu gani kilichobadilishwa kwa sababu ya maneno yao. Ukurasa huo ukiwa mtupu, ramani irudishwe.

Nanyi washarika wenzangu, tutaanza kuchimba msingi baada ya Jubilei. Atakayepiga jembe la kwanza ni mama yetu aliyeng'oa vigingi vyetu mara mbili, Mungu akimjalia uzima. Waliotuachia usharika huu miaka 100 iliyopita waliketi chini ya mti wakaulizana. Sisi tulichelewa kuwaiga, lakini tumeketi.

Mungu awabariki wazee wetu, awalinde watoto wetu, na aubariki usharika huu katika karne inayoanza.

Amina.